Mtoto Akichoka Husema: Tumwelewe Kabla Hajalia

Wewe mama unayefua nguo huku ukisikiliza, wewe yaya uliyeachiwa mtoto nyumbani, wewe nyanya uliyempakata mjukuu, na wewe baba pia, karibuni nyote. Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua walezi wengi usiku na mchana, nalo ni usingizi wa mtoto mchanga. Kwa nini analia ilhali ameshiba, amebadilishwa nepi na hana homa? Kwa nini anakataa kulala ilhali unaona wazi kwamba amechoka?

Nitaanza na kisa. Asubuhi moja mama mmoja aliingia katika zahanati ninakofanya kazi akiwa amembeba mtoto wake wa kiume wa miezi 4. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa amelala hivyo tangu alasiri ya siku iliyotangulia. Ukimwinua mkono, unaanguka. Ukimpa titi, anavuta mara mbili halafu analegea. Tulimpeleka hospitali kubwa haraka, akalazwa na kuangaliwa usiku kucha, na tunashukuru kwamba aliamka salama. Baadaye ilijulikana kuwa yaya wake alikuwa amempa dawa ya maji ya mafua, ile inayoleta usingizi. Jirani ndiye aliyemshauri: "Mpe kijiko kimoja tu, atanyamaza."

Siku chache baadaye nilikaa na yule yaya tukazungumza. Msikilizaji, hakuwa na roho mbaya. Ni msichana wa miaka 19. Alikuwa akiachiwa mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, na kila alasiri mtoto alilia mfululizo kwa muda mrefu. Majirani walianza kumsema. Nikamwuliza, "Kabla hajaanza kulia, huwa anafanya nini?"

Akafikiri kidogo, akanijibu, "Sista, hugeuza uso, hataki kuniangalia. Mimi hudhani amenichukia, basi namchezea zaidi ili acheke."

Mama naye akaongeza neno. Alikuwa ameagiza mtoto asilale mchana, ili usiku amwache apumzike kwa sababu kesho yake ni kazi.

Hapo tukaelewa shida ilikotoka. Mtoto alikuwa akisema kila siku, "Nimechoka, nilazeni." Alisema kwa lugha yake, lakini hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha walezi wake lugha hiyo. Aliposhindwa kueleweka, alilia. Na kilio hicho ndicho kilicholeta kile kijiko cha dawa.

Ujumbe wangu wa leo ni huu: kulia ni ishara ya mwisho ya uchovu. Kabla ya kulia kuna ishara nyingine, na ukizijua, utamlaza mtoto kwa urahisi zaidi.

Ishara za uchovu

Tuanze na mtoto mdogo, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miezi 3. Huyu akichoka hupiga miayo. Hukunja ngumi. Hukunja uso kama mtu anayewaza. Hutazama mbali, macho yamekodoka bila kuangalia kitu. Hugeuza uso asikutazame. Hurusha mikono na miguu kwa kushtukashtuka, na wakati mwingine hupinda mgongo kwenda nyuma. Huenda pia akanyonya vidole vyake.

Mtoto wa miezi 4 na kuendelea huonyesha mengine. Hupikicha macho. Huvuta sikio. Humng'ang'ania mlezi, na ukimweka chini analalamika. Kitu kilichomfurahisha dakika tano zilizopita sasa anakitupa. Yule anayetambaa huanza kuanguka na kujigonga ovyo. Wengine huchangamka kupita kiasi, wakicheka na kurukaruka, nawe ukadhani hana usingizi kabisa. Huo pia ni uchovu.

Mtoto akipitisha wakati wake wa kulala, mwili wake hujilazimisha kukaa macho. Anakuwa kama chungu kilichokwisha kuchemka: kukituliza ni kazi kubwa kuliko kukizuia kisichemke. Ndiyo maana wazo la kumnyima mtoto usingizi wa mchana ili alale usiku halifaulu kwa watoto wadogo. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa taabu na huamka mara nyingi zaidi.

Huenda ukauliza, "Nitajuaje kama ni njaa au ni uchovu?" Mtoto mwenye njaa hutafuta. Hugeuza kichwa huku na huku mdomo wazi, huramba midomo, hutia ngumi mdomoni na kunyonya kwa nguvu. Mtoto aliyechoka hujitenga: ukimpa titi, anaweza kulishika kidogo na kuliachia, akageuza uso. Ukiwa huna hakika, mnyonyeshe kwanza. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 au zaidi kwa siku, usiku na mchana, na hakuna ubaya kumpa titi kila anapotaka.

Je, alale kwa muda gani?

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu usingizi wa watoto wadogo. Mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji saa 14 hadi 17 kwa siku. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14. Hesabu hizi ni za usiku na mchana zikijumlishwa pamoja. Watoto hawalingani, kwa hiyo usimpime wako kwa mtoto wa jirani.

La kukusaidia zaidi ni kujua anaweza kukaa macho kwa muda gani. Mtoto mchanga huchoka baada ya saa 1 hadi saa 1 na nusu tu. Mtoto wa miezi 3 hadi 6 huchoka baada ya kama saa 1 na nusu hadi 3. Wa miezi 6 hadi 12 huchoka baada ya kama saa 2 hadi 3. Kwa hiyo mtoto akiamka, tazama saa yako. Muda wake ukikaribia, anza kumtazama yeye. Saa itakukumbusha, lakini mtoto ndiye atakayekuambia.

Mbona anaamka amka?

Mama wengi huja kliniki wakisema, "Sista, mtoto wangu hana usingizi." Nikiuliza, naona mtoto hana shida. Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Saa ya mwili wake huanza kupangika polepole katika miezi ya kwanza. Tumbo lake ni dogo, basi lazima aamke anyonye. Tena karibu nusu ya usingizi wake ni mwepesi. Huguna, hujinyoosha, hutabasamu, hata hufungua macho kidogo, kisha huendelea kulala. Usimnyakue mara moja. Ngoja kidogo umsikilize. Huenda bado amelala, nawe ndiye utakayemwamsha.

Kulia kwa watoto wengi huongezeka katika majuma ya kwanza, hufikia kilele kwenye kama juma la 6 hadi la 8, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kwa hiyo mtoto wa mwezi mmoja na nusu anayelia sana jioni, lakini ananyonya vizuri na anaongeza uzani, mara nyingi anapitia kipindi ambacho kitakwisha.

Mwezi wa 4 hivi, usingizi hubadilika na mtoto aliyekuwa akilala vizuri anaweza kuanza kuamka tena. Kuanzia miezi 6 hadi 10, mtoto huanza kuelewa kwamba mama anaweza kuondoka, kwa hiyo hulia akiachwa. Meno nayo huota. Haya yote hupita. Mtoto huyo hajadeka.

Wapo watakaokuambia, "Mwache alie, mchelea mwana kulia hulia yeye." Ndugu zangu, methali hiyo ni ya kumrudi mtoto aliyekwisha kujua mema na mabaya. Mtoto wa miezi michache hana hila. Analia kwa sababu hana neno jingine. Kumbeba na kumtuliza hakumharibu.

Jinsi ya kumsaidia alale

Kwanza, mfundishe usiku na mchana. Mchana fungua mlango na madirisha, ongea naye, usizuie kelele za kawaida za nyumbani. Usiku punguza mwanga, nena kwa sauti ya chini, mnyonyeshe na kumbadilisha nepi bila mchezo.

Pili, fanya mambo yaleyale kwa utaratibu uleule kila jioni. Kwa mfano: umwogeshe, umvishe, umnyonyeshe, umwimbie, kisha umlaze. Baada ya siku kadhaa, kuoga kwenyewe kutamwambia kwamba usingizi unakuja.

Tatu, ukiona ishara ya kwanza, acha mchezo. Mtoe penye watu wengi. Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja, na ndugu zake wanasoma taa ikiwaka. Ning'iniza leso kama pazia upande anapolala. Punguza sauti ya televisheni. Hata redio hii, ipunguze kidogo.

Nne, kuanzia kama miezi 3 au 4, jaribu kumlaza akiwa na usingizi lakini hajalala kabisa. Kaa karibu, mguse kifua taratibu. Akikataa, mchukue, utajaribu tena kesho. Kumbeba mgongoni kwa leso pia ni sawa, mradi hewa inapita, uso haujafunikwa, na kidevu hakijabanwa kifuani.

Mama anayerudi kazini naye nimwambie neno. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, kwa hiyo wengi hurudi kazini mtoto angali mchanga sana. Unafika nyumbani jioni umemkosa mtoto siku nzima, unataka acheke nawe. Lakini kama anageuza uso, usimlazimishe. Mnyonyeshe, mpakate, mwache alale kifuani pako ukiwa macho. Hayo pia ni mapenzi. Na kabla ya kuondoka asubuhi, mweleze yaya ishara hizi moja baada ya nyingine, kama unavyomweleza jinsi ya kupasha maziwa uliyokamua.

Mambo ambayo hatufanyi

Usimpe mtoto dawa ili alale. Iwe ni dawa ya mafua, ya kikohozi, ya mizio au ya maumivu, usimpe bila kuandikiwa na mhudumu wa afya. Dawa inayoleta usingizi inaweza kupunguza kupumua kwa mtoto mchanga hadi kusimama. Kipimo cha kijiko cha jirani hakijui uzani wa mtoto wako. Pombe nayo, hata tone, ni sumu kwake.

Usimpe uji kabla ya miezi 6 ukidhani utamlaza. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha kwa miezi 6 ya kwanza. Uji na maji ya mapema humletea kuhara, na mtoto anayehara halali.

Kwa nyanya zetu nasema hivi kwa heshima: nyimbo zenu, mikono yenu yenye subira, kumpapasa mgongo, hayo yaendelee, ni msaada mkubwa. Lakini kinachopitia kinywani, kama mizizi, majivu au maji ya dawa za miti, tusimpe.

Usimtikise mtoto kamwe. Shingo yake ni laini na ubongo wake haujakomaa. Kumtikisa kwa hasira, hata kwa sekunde chache, kunaweza kumpofusha, kumlemaza au kumwua. Ukihisi hasira imekupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, pumua, unywe maji, umwite jirani. Mtoto akilia dakika chache kitandani hatapata madhara. Akitikiswa, madhara ni ya maisha.

Alale salama

Mlaze chali kila mara, mchana na usiku. Mwaka wa 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua sana. Godoro liwe gumu kiasi na tambarare. Ondoa mito, mablanketi mazito na nguo zinazoweza kumfunika uso. Usilale naye kwenye kochi.

Najua mama wengi hulala kitanda kimoja na mtoto, na humsaidia kunyonya usiku. Ukifanya hivyo, asilale katikati ya watu wawili wala pamoja na ndugu zake, wala asibanwe na ukuta. Usilale naye kabisa ikiwa wewe au baba amekunywa pombe, anavuta sigara, au amemeza dawa inayoleta usingizi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5 alale mahali pake, karibu nawe.

Tumia neti iliyotiwa dawa ya kuzuia mbu. Na wakati wa baridi, usiache jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua familia nzima wakiwa wamelala.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Si kila kilio ni uchovu, na si kila usingizi ni afya. Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona haya: ana homa, au mwili wake ni baridi kuliko kawaida, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, au matapishi ni ya kijani, ana degedege, utosi umevimba, kifua kinabonyea ndani anapopumua, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida na hatulizwi na chochote, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, ni hatari. Na ukigundua amepewa dawa isiyo yake, usingoje aamke. Nenda naye pamoja na chupa ya dawa ili daktari aione.

Nawe mama, ujitazame. Ukiwa na huzuni kwa zaidi ya majuma 2, ukishindwa kulala hata mtoto akilala, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa unaotibika, nao si aibu. Baba, shangazi, jirani: mchukueni mtoto kwa saa moja, mama apate kulala. Ziara za chanjo za juma la 6, la 10 na la 14 ni nafasi nzuri ya kuuliza maswali. Nenda na kijitabu chako cha kliniki, na umwambie muuguzi jinsi mtoto anavyolala.

Nimalizie kisa changu. Yule mtoto aliletwa tena kliniki alipotimiza miezi 9, kwa chanjo ya surua. Mama alikuwa amefuatana na yaya yuleyule, hakumfukuza, alimfundisha. Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakimchezea mtoto, wakimpigia makofi. Mtoto akavuta sikio lake, akageuza uso. Yule msichana akasema, "Samahani mama zangu, huyu amechoka." Akamfunga mgongoni kwa leso, akasimama pembeni ya ukuta akitikisika taratibu. Kabla jina lake halijaitwa, mtoto alikuwa amelala, na hakuwa amelia hata kidogo.

Msikilizaji, leo hii mtoto wako akigeuza uso, usidhani amekuchukia. Anakwambia neno. Msikilize. Mweleze na yule utakayemwachia kesho. Kwaheri, hadi juma lijalo.